Chane Zilizobaki Kikapuni

Mguu wangu ulikuwa haushikiki. Nimekaa kwenye kitanga kimoja cha mizani ya hekalu, minyororo inalia, na kitanga cha pili wanakipakia ndizi, chane juu ya chane.

"Remya, tulia! Unaiyumbisha mizani," Mama akanikemea.

"Mwache, dada. Anaogopa tutamaliza ndizi za Kerala nzima," mama mdogo Valsala akadakia, na ndugu wote wakaangua kicheko.

Mimi nilicheka kuliko wote. Nilikuwa na siri, jamani, hata sijui nilivyoweza kuinyamazia!

Miaka miwili nyuma nililazwa na homa ya dengi. Mama akaweka nadhiri: nikipona, atatoa ndizi sawa na uzito wangu. Nikapona, nikala, nikafika kilo sabini na tano. Siku ya kutimiza nadhiri ilipopangwa, nikawaza binamu zangu wakihesabu zile chane kwa sauti. Thubutu! Zilibaki wiki kumi na nne. Nusu kilo kwa wiki, mara kumi na nne: saba. Sabini na tano toa saba, sitini na nane.

Nikaandika namba zote ndani ya mlango wa kabati hosteli, nyuma ya nguo. Kila Jumatatu napima, natoa, napiga mstari. Gramu mia mbili zikizidi, nazigawa kwa siku saba zinazofuata. Wali nusu sahani. Chai bila sukari. Wiki ya tisa namba iligoma kushuka, nikawa nazunguka chumbani kitabu mkononi, sisomi chochote. Wikiendi nyumbani, Mama akisema, "Nikuongeze kidogo?" najibu nimeshakula njiani.

Ndizi aliagiza kilo sabini na tano, kwa uzito wa cheti changu cha kliniki cha mwezi wa kwanza, kabla sijaanza kupunguza. Hakuniuliza. Sikumwambia.

Kitanga changu kikanyanyuka taratibu, vitanga viwili vikalingana. Kuhani akainua mkono: basi.

Sitini na nane! Nilitamani kupiga vigelegele. Nikageuka nimwone Mama.

Alikuwa anatazama chane zilizobaki kikapuni.

"Hizi kilo saba," alisema, "zimekwenda wapi?"

"Nimepunguza mwenyewe, Mama. Makusudi. Nilipiga hesabu, kila wiki..."

"Hata kule wodini walikuwa wananiletea hesabu, ya damu yako. Kila asubuhi namba imeshuka."

Mama mdogo akaushika mnyororo ili nishuke.

Nikashuka. Mama akanishika mkono, akazungusha kidole gumba na cha kati kwenye kifundo cha mkono wangu, kama alivyofanya kila siku pembeni ya kitanda changu, siku zile vidole vyake vilipokuwa vikikutana na kupitana.

Safari hii havikugusana.

Akajaribu mkono wa pili, amefumba macho. Havikugusana. Kisha akainama kunyanyua kikapu.

"Shika huku," akaniambia. "Ni kizito."