Damu Iliyopashwa Moto

Wodi nzima ilimwita Mama Huruma, naye muuguzi huyo jina alilipenda kuliko mshahara. Asubuhi ile mama aliyejifungua juzi, mweupe midomo kwa kupungukiwa damu, alilalamika kwamba damu ya jokofuni itamgandisha. Mama Huruma akautumbukiza mfuko wa damu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yasiyobadilishwa tangu alfajiri, akaitwa kitanda kingine, akaurudia baada ya saa nzima, akautundika. Kanuni ya kukataza kupasha damu namna hiyo ilibandikwa ukutani, juu ya beseni lenyewe. Mazoea yana taabu.

Robo saa haikuisha, mama akatetemeka hadi kitanda kikalia. Joto likapanda, presha ikashuka. Hapo Mama Huruma hakukosea hata kidogo: alifunga damu, akaacha mshipa wazi kwa dripu ya maji ya chumvi, akamwita daktari, akauhifadhi mfuko upelekwe maabara. Daktari akaanzisha dawa za kuua bakteria bila kungoja majibu. Kisha akauliza kama damu ilitoka jokofuni moja kwa moja.

"Ndiyo," alisema Mama Huruma, macho kwenye viatu vyake.

Alasiri mgonjwa alikuwa ametulia. Maabara wakasema mfukoni mna bakteria, na kwa kuwa damu ilitolewa na kaka yake, akaitwa achunguzwe. Kaka mtu alikaa koridoni, mikono katikati ya magoti. Shemeji yake, mume wa mgonjwa, alikuwa amehamia benchi la pili.

Mama Huruma alipopita, yule kaka akamsimamisha.

"Sista, nina uchafu gani mwilini? Mke wangu ni mjamzito. Nirudi nyumbani au nisirudi?"

Angeweza kumwambia asubiri majibu. Ndivyo wanavyosema watu wa hospitali wakitaka kukimbia. Lakini aibu haikumruhusu. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akamwita shemeji naye asogee asikie.

"Damu yako haina kosa," alisema. "Ni mimi. Niliiweka kwenye maji machafu, nikaisahau, halafu nikamdanganya daktari. Naenda kumwambia sasa hivi."

Shemeji akamtazama kwa jicho la kuua, na hilo alilistahili. Kaka mtu akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru mara tatu, na hizo shukrani ndizo zilizomshinda.