Jina la Kumi

Lori la kurudisha sanduku la vitabu Usumbura lilikwisha kuwashwa, na daftari la waazimaji lilikuwa na majina tisa. Likikosa la kumi, sanduku lisingerudi Gisenyi tena. Saidati, aliyejifunza kusoma darasa la jioni akiwa na mimba, alimkimbilia Mukankusi muuza samaki pale sokoni, mtoto wake akiwa mgongoni.

"Mama Phocas, nakuomba, chukua hata kimoja! Hiki ni hadithi za kale. Hiki habari za wafalme. Hiki riwaya mupya, iko na harusi..."

"Harusi? Yangu ilinitosha! We, kitabu inakaanga samaki?"

Wachuuzi wakaangua kicheko. Mtoto akaanza kulia, na Saidati machozi yakamlenga. Kilibaki kimoja tu, cha sayansi. Akakiinua bila tumaini.

"Hiki kinaeleza kwa nini mulima inatapika moto."

Mukankusi akakitazama kile kitabu. Moto huo ulikuwa umefunika shamba la kaka yake, na hakuna aliyewahi kumweleza sababu.

"Bon, sawa," akasema, akifuta magamba mikononi. "Mi sijue kusoma. Utanisomea?"

"Kila jioni, mama."

"Basi andika jina yangu, mbio! Lori inaenda!"