Antena ya Darini

Kamati ya mtaa ilipopiga marufuku antena juu ya mapaa, eti zinaharibu sura ya mtaa, mwalimu mstaafu wa fizikia hakugombana na mtu. Jumamosi saa nne asubuhi alipanda darini na waya wa shaba wa mita ishirini, koleo na chupa ya chai. Mwenyekiti wa kamati ana tangi la maji la rangi ya waridi juu ya paa lake, lakini hilo tuliache.

Mle darini mlikuwa na nafasi ya mita tisa tu, kwa hiyo akaukunja waya: ukapita juu ya jikoni, ukazunguka sebule, ukaishia juu ya chumba cha kulala. Akavaa hedifoni, akawasha redio. Alitarajia kuwapata wapenzi wenzake wa redio, walioko ng'ambo. Akampata mke wake.

"Mwalimu, bomba la jikoni linavuja."

Akachungulia chini. Mke wake alikuwa anakunja nguo, kimya. Bomba hilo lilitengenezwa miaka tisa iliyopita, na alilitengeneza mke mwenyewe. Mwalimu akafungua daftari lake la mawasiliano, akaandika tarehe, saa, na maneno haya: "Sauti safi. Inachelewa miaka tisa." Kisha akanywa chai.

Tangu siku hiyo alishuka kula na kulala tu. Jamani, kumbe mwanamke alikuwa mcheshi! Alipomsikia akisimulia jinsi daktari wa meno alivyong'oa jino zima na kuacha lile bovu, alicheka mpaka akamwaga chai. Miaka ile mwalimu alikuwepo sebuleni hapo hapo, na hedifoni masikioni.

Watu wa redio huthibitisha mawasiliano kwa kadi ya posta, naye akatuma. Tarishi alibisha hodi, mke akapokea, akasoma: "Nathibitisha kupata taarifa yako ya bomba. Ahsante kwa mawasiliano."

"Makubwa haya," alisema, akaitia kadi kwenye droo ya vijiko. Wiki iliyofuata ikaja ya jino.

Ijumaa mke alipanda ngazi na goti lake bovu.

"Mwalimu, mdogo wangu ananiita nikaishi kwake. Kesho naondoka. Ukiniambia nisiende, siendi."

Mwalimu aliinua kidole.

"Ngoja kidogo, mama watoto. Nakusikiliza."

"Unanisikiliza wapi?"

"Hapa." Akagusa hedifoni. "Unaongea maneno mazito kweli."

"Nasemaje?"

"Unasema umechoka kuongea peke yako."

"Na wewe unanijibu nini?"

Akamgeuzia daftari. Yote yalikuwemo, kwa mwandiko mzuri: tarehe, saa, sauti safi kabisa. Mke alisoma ukurasa wote, akarudisha daftari, akashuka ngazi taratibu.

Kesho yake teksi ilipiga honi mara mbili. Mke akaaga kwa sauti, akafunga mlango, akaenda. Mwalimu hakusikia kitu. Kwa hesabu zake, habari hizo zingemfikia baada ya miaka tisa, hali ya hewa ikiruhusu.