Shimo la Wageni

Gladwell Karimi alizaliwa Kutus, akalelewa Kanada, na ndani ya ndege aliwamwagia wenzake wa kanisani methali mpaka wakajifanya wamelala. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema, akijiona bingwa. Wenzake walikuwa wageni. Yeye, kwa hesabu yake mwenyewe, alikuwa mwenyeji aliyechelewa kidogo. Alijua watu wa kujitolea walivyo: huja, hukumbatia watoto, hulia, huondoka, husahau. Yeye aliapa hatakuwa hivyo. Alitaka angalau mtoto mmoja amwamini.

Mtoto huyo alimpata mara tu walipofika kwenye makao ya watoto kule Gatitu, Nyeri. Aliitwa Shiku, msichana aliyeachwa langoni hapo akiwa mchanga, na sasa meno ya mbele yalikuwa yanaota upya. Kama kila mgeni wa heshima, Gladwell aliombwa apande mti. Shimo lilikuwa limeshachimbwa karibu na lango na mche wa avokado umewekwa kando. Kazi yake ilikuwa kusukuma udongo kwa vidole na kutabasamu. Nyuma yake Mlima Kenya ulikuwa wazi, hauna hata wingu. Shiku alishika kopo la maji akasema, "Anti, tutaimwagiria maji kila siku mpaka urudi."

Gladwell alilia hadi kamasi, picha zikaharibika, akaomba zipigwe tena. Jioni aliwaandikia marafiki kwamba sasa ana mizizi Nyeri.

Mizizi yenyewe haikumaliza wiki. Alikuwa akianika nguo nyuma ya tangi la maji alipoona basi limeleta wageni wengine, wazee kutoka Norwe. Mmoja wao alikuwa amepiga magoti langoni, kwenye shimo lile lile, akipanda mche mwingine. Shiku alikuwa na kopo lile lile. "Anko, tutaimwagiria maji kila siku mpaka urudi." Mzee akatoa kitambaa, akafuta macho. Na Gladwell, mtu mzima mwenye kazi ya benki, akasimama pale na soksi zake mbichi akimwonea wivu mzee wa watu kwa sababu ya shimo.

Alikwenda jikoni amevimba. "Mti wangu uko wapi?"

Matroni Wachuka alikuwa akichambua maharagwe, wala hakuinua kichwa. "Huwa tunahamisha. Kila mtu anataka picha na mlima. Tukiacha miti hapo, mlima itafunikwa, na wageni wenye watakuja watapiga picha na nini? Shiku, hebu peleka Anti aone mti yake."

Nyuma ya jiko kulikuwa na shamba zima la avokado, miti mikubwa kwa midogo, mingine imezaa mpaka matawi yameinama. Avokado hizo ndizo walizokuwa wakila na githeri, mahindi na maharagwe, kila mchana, naye alikuwa amezisifu bila kuuliza zatoka wapi.

"Hii ni ya Anti wa miwani," Shiku alisema akionyesha kwa kidole. "Hii ni ya Pasta wa gitaa. Hii ni ya ule mwenye alisema atanichukua."

"Walirudi?"

"Miti imekua," Shiku akajibu.

Mche wa Gladwell ulikuwa mwishoni, umesimama ndani ya mkebe. Hakukuwa na mtu wa kuuchimbia shimo.

"Na wewe, utarudi?" Shiku aliuliza. Safari hii hakuwa na kopo.

Gladwell alifungua mdomo. Neno "ndiyo" lilikuwa tayari ulimini, amelibeba tangu uwanja wa ndege pamoja na peremende. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile isiyopendeza kwenye picha.

"Sijui, Shiku," alisema. "Kusema kweli, sijui."

Shiku akaingia kwenye kibanda cha zana, akatoka na jembe linalomzidi urefu. "Basi chimba. Na usichimbe fupi kama ya wageni."

Gladwell alichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mara moja tu aliinua kichwa kutazama kama kuna mtu mwenye simu. Hakukuwa na mtu. Shiku alikuwa amechuchumaa ukingoni, ametumbukiza mkono shimoni, akipima.

"Bado," alisema.