Mbuzi wa Mtakatifu Orsilia

Yogan alikuwa akikaanga bajia za dengu mlangoni pa kanisa dogo la Mtakatifu Orsilia, katikati ya soko la Ballarò, Palermo, daktari wa mifugo alipotoka ndani akifuta miwani. Kisanduku cha kioo chenye mifupa ya mtakatifu kilikuwa kinasafishwa, na padri alimwita aikague kwa kuwa daktari ni binamu yake na hadai malipo.

"Ni mbuzi," alisema daktari. "Tena jike, wa ile mbegu ya pembe za kusokoteka. Wanasema ilikuja na meli kutoka mashariki." Akachukua bajia, akaenda zake.

Yogan habari hiyo ilimkaa rohoni. Mama yake, Thangamma, alipopasuliwa moyo, Yogan aliweka nadhiri kwa Orsilia: mama akipona, yeye ataibeba machela ya mtakatifu siku ya sikukuu. Mama alipona. Kila mwaka Yogan aliomba nafasi, na kila mwaka Don Gaspare, kinyozi na mwenyekiti wa chama cha wabebaji, alimjibu vilevile.

"Si wewe, mwanangu. Wewe tunakupenda. Ni utaratibu. Mbebaji lazima babu yake awe wa hapa."

"Mimi nimezaliwa pale kwenye kona, Don Gaspare."

"Najua! Nilikunyoa nywele za utotoni mimi mwenyewe. Lakini babu?"

Babu alikuwa Mtamili wa Jaffna, mbali huko mashariki. Na wajukuu wa wale mababu wa hapa walishahamia Ujerumani, hata machela ikawa inabebwa na wazee wenye magoti mabovu.

Kesho yake mifupa ilianza kutoa maziwa. Yalichuruzika toka kisandukuni hadi sakafuni, na wanawake wakaja na sufuria. Wenyeji waligandisha jibini. Thangamma aliyachemsha nje, kwenye jiko la mwanawe, hadi yakafurika, naye akapiga kelele za furaha kama wafanyavyo Watamili yakifurika. Wauza samaki, Wabangali na Waghana wakamwitikia, maana kelele nzuri haikatazwi sokoni.

Kabla wiki haijaisha nyama na manyoya vilirudi mifupani. Mbuzi mweupe akatoka, akajinyoosha, akaenda moja kwa moja kwa Yogan kula bajia.

"Anapenda zenye limau," Yogan alimwambia Don Gaspare.

"Mtakatifu wangu mimi unanifundisha wewe?" Don Gaspare alifoka, kisha akakamua limau mwenyewe.

Chama kilikutana kwenye kibanda cha kinyozi. Mzee mmoja aliuliza kama mbuzi aliyekuja na meli anaweza kuwa wa hapa.

"Kaja zamani!" Don Gaspare alisema. "Amezoea! Tusitafutane ubaya."

Wakamvika mbuzi mshipi mwekundu wa uanachama. Yogan aliyaona hayo mlangoni, sahani mkononi, na roho ikamuuma kwelikweli.

Siku ya sikukuu mbuzi alikataa machela. Alitembea mbele yake mpaka penye mlima, akachoka, akalala katikati ya barabara. Bendi ikanyamaza. Wazee walijaribu kumwinua, magoti yakagoma. Yogan akauliza kama utaratibu unasema lolote juu ya kumbeba mtakatifu bila machela. Hausemi. Basi akajitwika mbuzi mabegani, miguu miwili huku, miwili huku, akapanda naye hadi juu, bendi ikipiga kwa nguvu na Thangamma akilia pembeni.

"Nadhiri imetimia, amma!" alimpigia kelele mama yake.

"Angalia njia, usimwangushe!" mama akajibu.

Don Gaspare alimkumbatia mbele ya watu wote, machozi yakimtoka. "Mungu akubariki, mwanangu. Haya, rudi ukakaange, watu wana njaa."

Mwaka uliofuata mbuzi alichaguliwa makamu mwenyekiti, na ombi la Yogan likapigiwa kura. Don Gaspare aliuliza nani anakubali. Wazee walitazama viatu vyao. Mbuzi peke yake aliinua kwato.

"Moja," alisema Don Gaspare kwa heshima zote. "Ombi limekataliwa."

Yogan alicheka, akampa makamu mwenyekiti bajia yenye limau, akarudi kwenye karai lake kabla mafuta hayajaungua.