Maharage ya Mheshimiwa

Mdogo wangu Aurelia, mbunge wa viti maalumu kwa miaka kumi, alipanda maharage ndani ya shimo la ngolo, na picha yake ikafika Mbamba Bay, kule ziwani, kabla usipa wa asubuhi, dagaa wa huko, haujakauka chanjani.

Kwa asiyeijua milima yetu ya Umatengo, ngolo ni mashimo tunayochimba kwenye mteremko, safu baada ya safu. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa miraba. Sisi wanawake tunachimba katikati ya kila mraba na kuyafukia yale majani kwa udongo, yanakuwa matuta. Maharage hupandwa juu ya tuta. Shimo linaachwa tupu, lishike maji ya mvua yasiporomoshe shamba. Mtoto wa darasa la pili analijua hilo, ila Mheshimiwa hakulijua.

Ilikuwa mwezi wa tatu. Chama kilikuwa kimekataza watu kujipitisha kwa wapiga kura kabla ya wakati, kwa hiyo Aurelia hakujipitisha hata kidogo. Alikuja tu kumsaidia dada yake kupanda, akiwa na magari mawili, vitenge vya kusalimia na mpiga picha. Akavua viatu, akashika bakuli la mbegu, akatabasamu kuelekea kamera, akainama na kufukia mbegu chini kabisa ya shimo. Halafu akaupigapiga udongo kwa kiganja kama anayembembeleza mtoto alale.

"We Aurelia!" nikapiga kelele. "Unapanda samaki?"

Jirani yangu Scholastica alikaa chini akacheka huku ameshika mbavu. Nikamvuta Mheshimiwa mkono, nikamwonyesha mbele ya watu wake wote: maharage huku, juu ya tuta, shimo usiliguse. Lakini picha ilishaondoka. Ida, anayetuletea usipa kutoka ziwani, alikuja Jumamosi akaniambia huko kila mwenye simu anayo, na wanaocheka zaidi ni wanawake ambao wao wenyewe wanalima mihogo. Chini ya picha mtu alikuwa ameandika: "Mtoto wa jembe."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Tangu siku ya kwanza ya siasa, Aurelia alikuwa akipanda jukwaani, ananyoosha viganja vyake viwili juu na kusema, "Mimi ni mtoto wa jembe! Mikono hii imechimba ngolo!" Nimelisikia Kigonsera, nimelisikia Litumbandyosi, nimelisikia redioni nikiwa napepeta mahindi. Watu wanapiga vigelegele, mimi nameza mate.

Kwa sababu ngolo zile nilichimba mimi. Baba alifariki mwaka niliofaulu kwenda sekondari. Jina langu lilibandikwa ukutani pale shuleni, nikalisoma mara tatu. Mama akasema nisubiri mwaka mmoja, shamba haliwezi kulala. Mwaka mmoja ukawa mitano, Aurelia naye akafaulu, na mama akasema basi aende huyu mdogo, mimi nimeshazoea kazi. Akaenda. Likizo alikuwa anakaa kibarazani na vitabu vyake, mimi niko mteremkoni. Sikumwonea wivu. Namdanganya nani? Nilimwonea sana.

Nisiseme uongo, ubunge wake ulikuwa na faida. Wanawake wa ziwani walipata chanja mpya za kuanikia samaki, zahanati ikapata vitanda vya wazazi, na bungeni alipiga meza mpaka nikaogopa ataivunja. Hayo yote nilimpa heko. Lile la mikono tu ndilo lililokuwa linaniuma, miaka kumi mfululizo, na sikuwahi kumwambia.

Mwaka huo aliacha viti maalumu akachukua fomu ya jimbo. Nafasi yake ya zamani ilishapata mtu, kwa hiyo akikosa jimbo, ubunge umekwisha. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Mwalimu Cuthbert, mstaafu, ambaye analima ngolo zake mwenyewe na hakuachi uondoke bila kukutajia jambo hilo. Mimi ni mjumbe wa chama katika tawi letu. Siku ya kura za maoni za chama nilikwenda ukumbini pale Mbinga mjini nikiwa nimeshaamua kumpigia kura Mwalimu Cuthbert, na sikumwambia mtu, hata mume wangu Urbani.

Kila mgombea alipewa dakika tatu za kujieleza, kisha maswali. Swali la kwanza kwa Aurelia aliliuliza Mzee Tobias, mjumbe mwenzetu, aliyesimama taratibu huku akijizuia kucheka.

"Mheshimiwa, langu ni dogo tu. Kwenye ngolo, maharage yanapandwa wapi?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Aurelia alikuwa na jibu, mimi mwenyewe nilimpa. Wapambe wake wa mstari wa mbele walishainua mikono tayari kumpigia makofi. Neno moja tu, halafu aendelee na barabara na bei ya kahawa. Nikamwona anatafuta mtu kwa macho, mpaka yakanifikia.

"Juu ya tuta, mzee wangu," akasema. "Nimejifunza mwaka huu, mwezi wa tatu."

Watu wakacheka tena. Yeye hakucheka.

"Aliyenifundisha ni dada yangu Ephrasia, yule pale. Ngolo nilizosema nimechimba, alichimba yeye. Alifaulu kabla yangu. Jina lake lilibandikwa ukutani, hakwenda, ili mimi niende. Mimi nimewanyooshea mikono miaka kumi, na haikuchimba kitu. Dada, nisamehe."

"Muda wako umekwisha, Mheshimiwa," akasema msimamizi.

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Mimi ninayeita mtu kutoka mlima mmoja hadi mwingine, nilivuta kitenge nikajifunika uso. Sikujua kama habari ya ukutani anaijua. Wakati ule alikuwa na miaka minane.

Karatasi ya kura ilipofika, alama niliiweka kwa Aurelia.

Haikutosha. Mwalimu Cuthbert alimshinda kwa kura tisa. Mlangoni nilisikia watu wakisema, "Kumbe alikuwa anatudanganya siku zote," na siwalaumu. Scholastica aliniambia usoni kwamba kura yake imekwenda kwa Mwalimu, kisha akanikumbatia kwa nguvu mpaka kitambaa cha kichwani kikanidondoka.

Nilimkuta Aurelia ndani ya gari, wanja umemchuruzika mpaka shavuni.

"Ningesema juu ya tuta nikanyamaza, ningeshinda," akasema.

"Ungeshinda," nikamjibu. Sikutaka kumfariji kwa uongo.

"Miaka kumi, dada. Yote imekwisha kwa dakika moja."

Nikamwambia pole, na ilitoka moyoni, maana ni mdogo wangu na nilikuwa namwona anavyoumia. Nikamfuta machozi kwa ncha ya kitenge changu. Akanitazama vizuri.

"Dada, unatabasamu."

"Nisamehe, mdogo wangu," nikamwambia. "Nashindwa kujizuia."