Turubai la Mistari Myekundu

Mfuko wa kumwonyesha rubani upepo ulipasuka ndege ikiwa bado inazunguka juu ya kiwanja. Ulikuwa umevimba kama tumbo la mbuzi aliyeingia ghalani, ukajipigapiga kwenye mlingoti, kisha mshono wa mwisho ukaachia kwa mlio ambao Adija aliusikia hadi kwenye meno yake. Vipande vya shuka vikabaki vikining'inia. Ndege ikashuka kidogo, ikayumba, ikainua pua yake, na ngurumo yake ikafifia upande wa kusini.

Watu waliokuwa wamejibanza nyuma ya vichuguu walitoka mmoja mmoja na vifurushi vyao. Hakuna aliyelia. Walimtazama Edouard, katekista aliyeipanga safari ile, naye Edouard akamtazama Adija.

"Mama, ulifunga mwisho?"

"Nilifunga," alijibu, macho yake chini. "Ili upepo usitoke."

"Upepo lazima utoke! Ukiingia ukakosa njia, unapasua. Rubani hakuona kitu. Aliona shati ya muntu imekwama ku muti."

Edouard alipomwagiza Adija alikuwa amemwambia mfuko mrefu, huku mpana, huku mwembamba. Swali lilimfika kwenye ncha ya ulimi: je, huku kwembamba kuwe wazi? Lakini Edouard alikuwa mtu wa maneno mengi, na wanaume wengine walikuwa wamesimama hapo, basi akalimeza, kama alivyomeza maswali mengi tangu utoto. Akaenda kushona kama alivyoshona mito na magunia ya unga maisha yake yote. Kilichoshonwa ili kibebe, hufungwa mwisho.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Katanga ijitangazie nchi yake. Mjini Lubumbashi, ambako Wazungu walikuwa bado wanakuita Elisabethville, kuwa na jina la Kasai kulitosha mtu atolewe nyumbani kwake na nyumba ichomwe. Kapinga, mshonaji aliyefanya kazi na Adija na ambaye Adija alimwita yaya, dada mkubwa, alizaliwa mji ule ule, akabatizwa na kujifunza kushona humo. Ila baba yake alitoka Kasai, na hilo halikufutika. Tangu vurugu zianze alikuwa akiishi nyuma ya pazia, katika chumba cha Adija. Uwanja mkubwa wa ndege ulijaa askari. Ndiyo maana Edouard, alipotafuta njia ya kuwatorosha watu kama Kapinga hadi Kasai, alikikumbuka kile kiwanja kidogo kando ya barabara ya Kasenga, kilichotengenezwa haraka wakati wa vita vya Wajerumani, vita vilipokwisha kikaachiwa majani. Mzee Amisi, baba yake Adija, alikuwa mmoja wa waliokitengeneza. Walivunja vichuguu vikubwa kuliko nyumba, wakautwanga udongo wake hadi ukawa mgumu kama sakafu.

Walirudi mjini kwa lori la Mulenga, mchuuzi wa samaki wakavu. Kapinga alilala chini, kati ya matenga matupu yanayonuka samaki. Kila lori liliposimamishwa njiani Adija aliacha kupumua. Kila lilipoondoka alisikia sauti kutoka chini ya matenga.

"Mudogo wangu, nikifika Kasai watanipokea na ugali. Mboga niko nayo tayari, mimi mwenyewe."

Mulenga alicheka hadi usukani ukayumba. Adija hakucheka. Kulikuwa na jambo lililomtisha kuliko askari: ndege ilipoinua pua na kwenda zake, moyo wake ulikuwa umeruka kwa furaha.

Kapinga alijua. Jioni ile, nyuma ya pazia, alimwambia bila hasira, "Nilikuona. Kila mutu alishika kichwa. Weye ulishusha pumzi."

"Sikufunga kusudi, yaya."

"Najua hukufunga kusudi. Nasema pumzi."

Adija alichezea upindo wa kitenge chake. "Hapa najua uko wapi," alisema hatimaye. "Nikiamka usiku nakusikia unageuka. Kule, nitakusikia namna gani?"

Mtaani watu walikuwa wanapita, na kila sauti iliyokaribia dirisha ilimfanya Kapinga apunguze yake. "Unajua ninachotaka, Adija? Sitaki vingi. Nataka kukohoa. Kukohoa kwa nguvu, kama mama mukubwa wa kanisa, bila kuziba kinywa na mto."

Asubuhi Adija alikwenda kufungua duka. Juu ya kibaraza lilitandazwa turubai jeupe lenye mistari myekundu, walilolinunua pamoja walipoanza kazi. Siku ile walilipinda kila mmoja akianzia upande wake, wakakutana katikati: mishono mirefu ya Kapinga, mishono midogo ya Adija, na mahali pa kukutania palipokwenda mshazari, pakawa kichekesho cha wateja. Alisimama chini yake mpaka jua likapanda. Kisha akapanda juu ya kiti na kulifungua kamba.

Kabla ya kulikata liwe mfuko mpya alikwenda kanisani. Edouard alikuwa ameketi na wazee wa parokia. Adija alisalimia, na badala ya kungoja aitwe kando, akauliza hapo hapo.

"Baba Edouard, lile tundu la mwisho, liwe kadiri gani?"

"Kama ngumi."

"Ngumi ya nani?"

Wazee wakacheka. "Mama, ngumi ni ngumi tu!"

"Hapana. Yangu na yako haziingii mkono mmoja wa shati." Akasogea hadi mezani. "Weka yako juu ya meza niipime. Halafu uniambie mdomo utakuwa mpana kiasi gani, na ni kitu gani kitaushika usijikunje. Sitoki hapa bila kujua."

Edouard aliweka ngumi mezani. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

Mzee Amisi alitoa rimu ya baiskeli yake ya zamani iushike mdomo. Alimtazama binti yake akiingiza mkasi katika mistari myekundu, akasema tu, "Ile udongo tuliipiga sana, mama. Itawabeba." Mahali pa mishono ya mshazari Adija hakupakata. Alipazungusha pakaangukia karibu na mdomo, akapashona mara ya pili.

Ndege ilipangwa kurudi juma lililofuata. Kiwanjani, kabla mfuko haujapandishwa, Kapinga aliukunjakunja, akaingiza mkono wake ndani hadi begani, vidole vikatokea upande wa pili.

"Hii shati ya jitu gani? Na kifungo chake kiko wapi?"

Safari hii Adija alicheka, akavishika vile vidole mpaka Edouard alipovuta kamba.

Turubai lilipanda likiwa limelegea. Upepo wa Agosti ukaingia, ukapita, ukatoka. Mfuko ukanyooka kuelekea kichuguu cha mwisho, ukatulia hivyo, ukitetema kidogo kama mkono wa mtu anayeonyesha njia bila haraka. Ndege ikazunguka mara moja. Ikaja moja kwa moja.

Magurudumu yalipogusa ardhi, vumbi jekundu la vichuguu liliinuka likawafunika wote. Ndani ya vumbi lile Kapinga alikohoa. Alikohoa kwa nguvu, ameinama, mikono kwenye magoti, bila kuziba kinywa, kisha akakohoa tena pasipo lazima. Adija alimsikia akikohoa na kucheka hadi mlango wa ndege ulipofungwa.

Siku iliyofuata jua liliingia dukani bila kizuizi, likakaa juu ya cherehani zote mbili. Adija aliifuta ya Kapinga vumbi, akaketi kwenye yake. Mama Honorine, jirani muuza mikate, alisimama kizingitini akiangalia juu, mkono kwenye paji la uso.

"Eh, Adija! Turubai yenu iko wapi?"

Adija alikuwa anatunga uzi. Hakulirekebisha lile neno "yenu".

"Iko ku kazi," alisema, na akaanza kushona.